Usimwambie Baba

Mombasa,
Jumapili, 9 Mei 1965

Benter mpendwa, Nyar Nam, binti wa ziwa,

Kesho asubuhi tunang'oa nanga. Nimeiona meli yenyewe. Usiniulize ukubwa wake. Chukua hospitali yetu yote, wodi, jiko na nyumba za manesi, uipandishe juu ya soko la Kisii, kisha uipake chokaa. Inaitwa Meridia, nyeupe pe, na dohani yake ni ya manjano. Ndani kuna watu ambao kazi yao ni kutembezwa tu: wanazungushwa baharini mwezi mzima, bandari hii na ile, kisha wanarudishwa walikotoka. Hata mbuzi wa kwetu Gesima hawatembei bila sababu.

Bibi Farrow hajambo. Mwalimu wa watu maisha yake yote, sasa macho yamemwishia na ugonjwa wa sukari umemshika, na daktari amekataa asafiri kwenda kwao bila nesi. Bibi akawapita manesi wote akanichagua mimi. Nitamdunga sindano zake hadi nimfikishe Southampton kwa dada yake, kisha nirudi na meli hiyo hiyo.

Baba alinisindikiza hadi Kebirigo. Alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akanivuta leso shingoni kana kwamba naenda shule ya msingi, akalia mbele ya kondakta. Tata hakuja. Mwezi ule nilipomtajia neno meli aliinuka, akaitazama ile picha ya mdogo wake Mogire iliyo ukutani, akatoka kwenda kwa ng'ombe. Asubuhi ya safari nilimpigia magoti mlangoni aniombee. Akasema, "Gari litakuacha." Basi. Mzee wa kanisa ambaye huwaombea hata kuku wa jirani wakiugua, amemnyima mtoto wake baraka.

Nimeumia, Benter, sikufichi. Lakini nitafika na nitarudi, na hatapata nafasi ya kusema kwamba aliona tangu mwanzo.

Nitazamie baba na presha yake. Barua zako zipeleke kwa wakala wa meli, Port Said.

Wako,
Nyanchera Momanyi


Kisii Mjini,
Alhamisi, 13 Mei 1965

Nyanchera wangu wa majini,

Salamu ni nyingi na stempu ni ndogo, kwa hiyo zigawe mwenyewe.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa dukani. Jethro, yule fundi mwenzangu kutoka Machakos, akasimamisha cherehani yake. "Huyo baba yake," akauliza, "anayefunga ndizi na kulia mbele ya kondakta, ni mwanamume wa namna gani?" Nilicheka hadi uzi ukakatika. Nikamweleza kwamba kwa Wakisii baba ndiye mama, na tata ndiye baba, na asipojua hivyo atapotea hapa kila siku. Nilijisikia mtu wa maana sana. Mimi Mjaluo wa Kendu, leo nafundisha watu Kikisii! Siku hizi ukiandika "baba" sioni kabisa mwanamume, naona leso na kikapu cha pareto.

Mama yako alianguka tena shambani, lakini ameamka na anakula. Daktari amesema asishtuliwe kwa jambo lolote. Sabato iliyopita nilimpelekea dawa, nikaingia naye na mzee wako kanisani ingawa mimi ni wa Jumapili. Mzee ndiye aliyeomba. Aliwaombea wanaosafiri kwa miguu. Akawaombea wanaosafiri kwa basi. Akawaombea wanaosafiri kwa gari la moshi. Nikangoja, na mama yako akangoja, nilimwona amefumbua jicho moja. Mzee akasema Amina.

Usikasirike. Mimi nakuonea fahari kwa niaba yake. Nimezaliwa kando ya ziwa na sijapanda hata mtumbwi, na wewe wa mlimani uko katikati ya bahari ukidunga Wazungu sindano. Kila mteja anayekuja kupimwa namhadithia, akitaka asitake.

Jambo la mwisho. Nashona gauni la harusi la Gesare, na nataka vifungo vya chaza, vile vinavyong'aa. Nasikia Port Said vimejaa tele. Ukipata nafasi tu.

Rafiki yako,
Benter Akong'o


TELEGRAMU
Port Said, 20 Mei 1965
Kwa Benter Akong'o, Kisii

MELI IMENIACHA. PASIPOTI IKO MELINI. D.C. KISII ATHIBITISHE KWA UBALOZI KAIRO MIMI MKENYA KABLA YA JUMATATU NIWEZE KUIFUATA MELI NAPOLI. MWONE METRONI. USIMWAMBIE BABA. NYANCHERA


Port Said,
Alhamisi jioni, 20 Mei 1965

Nyar Nam,

Barua hii ikikufikia utakuwa umeshapata telegramu, umeshalia, na umeshajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Sasa keti nikueleze.

Vifungo vyako vimenipa kifungo. Jana tulitoka kwenye mfereji wa Suez tukatia nanga hapa. Barua yako ikaletwa melini, Bibi Farrow akalala baada ya sindano yake ya mchana, nami nikashuka na mashua. Pasipoti zetu hubaki melini. Abiria hupewa kikaratasi tu cha kushukia. Nikaingia duka hili na lile. Kila nikitoka nje naitazama meli yangu, ile pale, nyeupe, dohani ya manjano, najituliza kwamba bado ipo. Nikapata vifungo. Nikanywa hata chai. Nilipofika gatini nikamwambia mwenye mashua, "Meridia." Akacheka. Akanionyesha kidole huko mbali baharini, kwenye moshi.

Meridia ilikuwa imewahisha kuondoka, na tangazo lilibandikwa nikiwa nimeshashuka. Ile niliyokuwa nikiitazama na kunywea chai ni meli nyingine kabisa, ya Wagiriki, iliyoingia yetu ikitoka. Benter, mimi natoka kwa watu wanaomjua ng'ombe wao kwa mlio wake tu, naye amechanganyika na wa kijiji kizima. Nimeshindwa kutofautisha meli mbili mchana kweupe!

Polisi hawakuwa wabaya. Walinileta kwa Mzee Bwanaheri, mzaliwa wa Lamu, zamani mpishi wa melini, ambaye sasa ana nyumba ya kulaza mabaharia pamoja na mkewe wa hapa hapa. Aliponiambia "Karibu, mwanangu," nilikaribia kumwangukia miguuni. Kiswahili chake ni kama maji ya mtungi. Changu anakisahihisha hata nikiwa nalia. Nilisema, "Meli imeenda na kitu zangu zote." Akasema, "Vitu vyangu vyote. Lia upendavyo, lakini lia kwa Kiswahili."

Yeye ndiye aliyenitafutia njia. Meridia itapitia Ugiriki na Malta, kisha itakaa Napoli hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Hapa kuna meli ndogo ya Kiitaliano inayotoka Jumatatu kwenda huko huko. Nikipanda hiyo nitaikuta. Lakini sipandi bila cheti, na ubalozi wetu Kairo hauwezi kunipa cheti kabla D.C. wa Kisii hajasema kwamba ananijua. Nikikosa ya Jumatatu, nitarudishwa nyumbani kama gunia lisilo na mwenyewe, na Bibi Farrow atafika kwao mikononi mwa wageni. Yule bibi hajui hata sasa niko hai au nimekufa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Telegramu aliiandika Mzee Bwanaheri, maana fomu za posta ya hapa anazijua yeye. Nilipofika mahali pa "usimwambie tata," akainua kalamu. "Tata? Tata ni uzi uliojifunga, mwanangu. Tata haliambiwi, tata hutatuliwa. Umekusudia nani?" Nikasema mzazi wangu wa kiume. "Huyo ni baba," akasema, akaandika anavyojua yeye. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayenipa chakula.

Kwa nini asijue, wewe unaelewa. Huyu mtu hakutaka niende, na sasa meli imenitupa kabla hata sijafika. Nikifikiria uso wake akiambiwa, heri nilale hapa gatini. Hata baba, na presha yake yote, heri umweleze yeye polepole. Lakini tata, hapana.

Wako aliyefungwa na vifungo,
Nyanchera


Kisii Mjini,
Jumapili, 23 Mei 1965

Nyanchera,

Nakuandikia nikiwa nimeloweka miguu kwenye karai. Barua hii naipeleka Southampton, maana naamini utafika. Ukiisoma utajua kwa nini naamini.

Telegramu yako ilinipata Ijumaa asubuhi. Metroni wa hospitali yenu yuko Nairobi mkutanoni. Nikaenda mwenyewe kwa D.C., na karani akaniuliza mimi ni nani wako. Nikasema rafiki. Akasema rafiki hatoshi, aje mzazi aape, tena kesho kabla ya saa sita, maana Jumamosi ni nusu siku na Jumapili hakuna kazi. Mzazi! Na wewe umesema baba asiambiwe. Nilikubaliana nawe kabisa. Mama yako angeanguka kabla sijamaliza kusoma. Basi akabaki mzee.

Nilimwogopa, sikudanganyi. Nilishuka basi Kebirigo nikatembea hadi Gesima huku nakariri maneno kama mtoto wa ubatizo. Nilimkuta amevaa koti lake la kanisani, jua linazama, Sabato inaingia, majirani wanafika kuimba. Nikamvuta kando ya zizi nikamsomea. Nilingoja aseme kwamba alijua. Hakusema. Aliuliza swali moja tu: "Amekula?" Nikamjibu kwamba telegramu haisemi.

Akarudi akawaimbisha watu hadi ubeti wa mwisho, akaomba, akawaaga. Kisha akamwambia mama yako, "Alfajiri naenda kumtoa ng'ombe shimoni." Mama akasema ng'ombe wote wako zizini, yeye mwenyewe amewafungia. Mzee akasema, "Huyu si wa zizini."

Asubuhi tuliposikia basi linakuja nikainua mkono. Akaushusha kwa fimbo yake, taratibu. "Kumtoa ng'ombe siku ya Sabato, Bwana ameruhusu," akasema. "Kununua tikiti hajaruhusu." Nilipotaka kumlipia alikataa, akaniambia nipande mimi. Ningepandaje, nimwache mzee barabarani? Tukatembea. Kutoka Gesima hadi Kisii mjini, Nyanchera, mlima kwa mlima! Mimi nilivua viatu na kuvibeba. Yeye alikuwa mbele na hakuketi hata mara moja. Njiani aliniuliza kama meli huwa na majina. Nikamwambia yako inaitwa Meridia. Akawa analirudia jina hilo kwa kila hatua hadi likamkaa mdomoni.

Tulimkuta D.C. ameshavaa kofia ya kuondokea. Si mtu wa huku, unajua. Akauliza, "Mzee, shida gani?"

"Ng'ombe wangu ametumbukia shimoni."

"Ofisi ya mifugo iko kule nyuma, mzee, na leo wamefunga."

"Huyu anaitwa Nyanchera," akasema mzee, "na shimo liko Port Said."

D.C. alivua kofia akaketi. Mzee aliulizwa ulizaliwa wapi, nani alikubatiza, shule gani, na kila jibu alilitoa amesimama wima kama shahidi mahakamani. Walipomsogezea karatasi atie sahihi niliutazama mkono wake. Mkono ule haujawahi kushika kalamu ya kazi siku ya Sabato. Uliandika Momanyi Angwenyi, polepole, herufi moja baada ya nyingine. D.C. mwenyewe ndiye aliyeandamana nasi hadi posta.

Halafu mzee akaketi nje ya posta na kula ndizi zake. Nikamwambia sasa twende, basi lipo. Akasema jua bado. Alikaa pale hadi jua lilipozama, ndipo akakubali kulipa nauli ya kurudi.

Nimewaona wanaume wengi wakijisifu hapa mjini. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mzee wako akiwa na vumbi hadi magotini. Nilikuwa nikisema umetoa wapi moyo huo wa kuvuka bahari. Sasa najua umeutoa wapi.

Na agizo lako nimelishika. Baba hajui hata neno moja.

Mwenye malengelenge,
Benter


Ndani ya Meridia, bandari ya Napoli,
Ijumaa, 28 Mei 1965

Benter,

Niko melini. Naanza na hilo ili upumue, kisha nikugombeze.

Jumapili alikuja kijana wa ubalozi kutoka Kairo na cheti changu. Alikuwa na telegramu ya D.C. mkononi, akanisomea: "ATHIBITISHWA NA BABA MZAZI MOMANYI ANGWENYI ALIYEFIKA MBELE YANGU LEO JUMAMOSI." Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamnyang'anya nikasoma mwenyewe.

Nilikuomba jambo moja, Benter. Moja! Nilikwambia asiambiwe, na wewe ukaenda kumwambia yeye yule yule. Nilikasirika nikamwaga chai ya watu. Halafu neno lile Jumamosi likaniingia. Mtu huyu hakubali hata maziwa ya Sabato yauzwe. Shule iliposema mtihani wangu ni Jumamosi, yeye ndiye aliyekwenda kusema sitaufanya, nikangoja mwaka mzima. Leo ameingia ofisi ya serikali Sabato kwa ajili yangu. Nilikaa kitandani kwa Mzee Bwanaheri nikalia hadi mkewe akaja kunishika mkono, ingawa hatuelewani hata neno.

Sijui ulimwambia nini. Nakushukuru na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja, upange mwenyewe.

Ile meli ya Kiitaliano ilibeba vitunguu na masista wa Kikatoliki. Nilitapika njia nzima. Jana tulipoingia Napoli niliona meli nyeupe yenye dohani ya manjano, lakini safari hii sikuamini rangi. Nilisimama chini yake nikasoma jina herufi kwa herufi, M, E, R, hadi mwisho, ndipo nikapanda. Bibi Farrow alikuwa amewakatalia wote. Alisema daktari wa meli anadunga sindano kama mtu anayeshona gunia. Alinishika uso kwa mikono miwili, maana haoni vizuri, akasema kwa Kikisii chake cha shule, "Nyanchera, umechelewa." Nikamdunga. Hakushtuka hata kidogo.

Vifungo vyako ninavyo. Ndivyo mali pekee niliyokuwa nayo Port Said, nimevishika hadi karatasi imechakaa.

Lakini sasa namwogopa tata kuliko mwanzo. Mtu akikuvunjia Sabato yake, unamrudishia nini? Nimeanza kumwandikia mara nyingi nikachana.

Nyanchera


Kisii Mjini,
Jumapili, 6 Juni 1965

Nyanchera,

Nigombeze hadi uchoke. Lakini kwanza sikia.

Barua yako ya Port Said ilinifikia Jumanne. Nilipofika pale Mzee Bwanaheri anauliza "tata ni nani," niliketi juu ya gauni la Gesare na pini zake zote. Jamani! Miaka yote unaniandikia baba ukimaanisha mama. Nimejifunza, nimejivuna, nimemfundisha hata Jethro. Siku moja tu unaandika baba ukimaanisha baba, na ni siku hiyo ya siku! Nilisoma usimwambie baba nikamfichia mama yako. Nikamwendea aliyekatazwa, tena mbio. Jethro amecheka hadi leo. Anasema mtu asiyejua Kikisii angefanya sawasawa.

Barua yako ya Napoli ikafika Ijumaa, nikajua siwezi kukaa na siri hii. Nikaenda Gesima na barua zote mbili. Nilikusudia kusoma mahali pazuri tu na kuruka pabaya. Mzee akavaa miwani yake akanyoosha mkono. Unajua Kiswahili anakisoma vizuri kuliko mimi. Alizisoma zote, polepole, kidole juu ya mstari. Kwenye "lakini tata, hapana" kidole kilisimama. Kikakaa hapo. Sikuwahi kutamani kuwa mahali pengine kama wakati ule.

Mama yako alikuja akasimama kati yetu. Alisema, "Mnanificha nini? Mimi nilijua tangu siku ile. Hakuna mtu anayevaa koti la kanisani kwenda kumtoa ng'ombe. Nikawahesabu ng'ombe, wote wapo. Nikawahesabu watoto." Hakuanguka, Nyanchera. Alimwombea mumewe peke yake jikoni kutwa nzima na hakumwambia mtu. Mimi na wewe tunajiona mashujaa, lakini nyumba ile imejaa watu wanaotushinda.

Mzee alikunja miwani, akasema usiku mwema.

Jana kanisani ndiye aliyeomba tena. Aliwaombea wanaosafiri kwa miguu, kwa basi, kwa gari la moshi. Akanyamaza. Watu wakadhani amemaliza, mwingine akaanza kusema Amina. Mzee akasema, "Ngojeni." Kisha akasema, "Na wanaosafiri majini. Na ile meli iitwayo Meridia." Sauti ilimkatika. Mama yako akaimalizia sala yeye mwenyewe, pale alipoketi, na hakuna aliyemzuia.

Jua lilipozama akaniita na karatasi. Maneno yake yamo katika bahasha hii. Sikuongeza kitu.

Nisamehe. Au usinisamehe, maana sijutii.

Benter


Gesima,
Jumamosi jioni, 5 Juni 1965, Sabato ikiwa imekwisha

Mwanangu Nyanchera,

Nasema kwa Ekegusii, Kikisii chetu, na Benter anaandika kwa Kiswahili. Nimemwambia akifika kwenye tata aandike tata.

Nimesoma kwamba hukutaka niambiwe. Sina hasira. Nimejiuliza ulijifunzia wapi kuniogopa, nikaona ni mlangoni pangu, siku uliyopiga magoti.

Sikiliza. Mdogo wangu Mogire alipokwenda vita vya Burma, mimi ndiye niliyemsindikiza. Niliweka mikono kichwani pake nikamwombea maneno mengi mazuri. Akapanda meli Mombasa. Hakurudi, wala hatukuletewa hata kofia yake. Tangu hapo nikisikia neno meli ulimi wangu hukauka. Ulipopiga magoti, niliiogopa mikono yangu. Nilisema moyoni, yule nilimbariki akapotea, labda huyu nikinyamaza atarudi. Hayo ni mawazo ya mtu asiye na imani, na mimi ni mzee wa kanisa, ndiyo maana sikumwambia mtu. Hata mama yako ameyasikia leo tu.

Ulivuka maji bila baraka yangu, ukaachwa, ukaifuata meli hadi ukaikuta, na yule bibi ukamhudumia. Mimi nisingeweza. Nakuheshimu, mwanangu.

Leo nimekuombea mbele ya watu. Mikono yangu iko kichwani pako tangu asubuhi.

Usiulize utanirudishia nini. Rudi.

Ng'ombe akiwa shimoni hungoja tu mwenyewe apite amwone. Wewe una kinywa. Jambo likikupata tena, liwe zuri au baya, niambiwe mimi kwanza.

Ni mimi,
Tata


TELEGRAMU
Mombasa, 12 Julai 1965
Kwa Mzee Momanyi Angwenyi, Gesima, kwa mkono wa Benter Akong'o, Kisii

TATA NIMEFIKA. MWAMBIE BABA. NYANCHERA